Raba ya Kitako na Bega la Mwanamisi

Siku yangu ya kwanza kazini nilipigwa na bunduki hata kabla ya kuonyeshwa pa kukaa. Nilikuwa seremala wa Waa, mtu wa vitanda na milango, nikaajiriwa na kituo cha wanyamapori kule juu kwenye vilima vya Kwale kwa sababu vitako vya bunduki vilikuwa vikipasuka na hapakuwa na wa kuvichonga. Kitako, kwa asiyejua, ni ule upande wa mbao unaoegemezwa begani. Sajini wa ghala la silaha, mtu wa bara mwenye maneno machache, alinipa bunduki ya marisawa, ile inayotawanya chembe za risasi, akaniambia nipige debe lililokuwa mbele yetu. Niliishika mbali na bega, kama mtu aliyepewa mtoto mchanga wa wenyewe. Ikanipiga teke nikaketi chini. Debe halikuguswa.

"Umejua sasa kazi yako ni nini?" akauliza.

"Kuchonga mbao, afande."

"Kazi yako ni hilo teke. Mbao ni njia tu."

Nilimchukia siku nzima. Baadaye nilimpenda kama ndugu.

Uwindaji ulikuwa umepigwa marufuku zamani, lakini bunduki za wawindaji zilibaki ghalani. Tulikuwa na rifali mbili nzito, za kumkabili ndovu au nyati aliyezoea kuua watu, na marisawa kadhaa za kufukuzia nguruwe mwitu mashambani. Sajini alinifundisha kwamba teke haliondoki, hupunguzwa tu. Risasi ikienda mbele, bunduki hurudi nyuma, na hilo halina rufaa. Kwanza ni uzito, kwani bunduki nyepesi ndiyo yenye teke kali. Nilikuwa nikitoboa kitako kwa ndani na kushindilia vile vizito vya madini ya risasi vya kuzamishia nyavu, nilivyoviagiza kwa wavuvi wa Mkwiro. Kisha kuna raba nene inayofungwa mwishoni mwa kitako ili ipokee kishindo kabla ya bega. Koplo mmoja aliwahi kutuletea kifaa cha matundu cha kufunga mdomoni mwa mtutu. Teke lilipungua kweli, ila mlio uliwarudia waliosimama kando. Nilikikataa. Askari wetu walitembea wawili wawili, na msituni mwenzako anayahitaji masikio yake.

Lakini kubwa kuliko yote ni kipimo. Kunja kiwiko, weka kitako kwenye kunjo la mkono, na kidole cha shahada kifike kwenye triga bila kujinyoosha. Kitako kikiwa kirefu, hakikai begani, huteleza mkononi na kukuumiza hapo. Nililijua hilo kama ninavyoijua Alhamdu, na bado nilikosea.

Mwanamisi alikuja kwetu akiwa askari kijana, binti wa Kikoneni, mdogo wa umbo. Kwa kufuata nyayo hapakuwa na mwanamume wa kumshinda. Alitaka kitu kimoja tu, kuwa katika kikosi cha kulinda mashamba, kwa sababu nguruwe walikuwa wamemaliza mihogo ya mamake misimu miwili. Ila kuingia kikosini kulihitaji kufaulu shabaha kwa rifali nzito, na yeye alikuwa ameshindwa mara moja. Nilimtilia risasi isiyo na baruti bila yeye kujua. Alipovuta triga mtutu ukainama naye akafumba macho. Alikuwa akiliogopa teke kabla halijaja.

"Ami, nikishindwa tena wanipeleka getini kukata tiketi," aliniambia. "Huko ndiko nitakakozeekea."

"Hushindwi, mwanangu. Niachie mimi."

Nikafunga raba nene kuliko zote nilizokuwa nazo. Sheria ya fundi ni kwamba ukiongeza raba, ukate mbao kwa kiasi kile kile. Sajini alisema mali ya serikali haikatwi bila barua. Ningeweza kumbishia kama ningekuwa na kipimo mkononi, lakini sikuwa nacho. Niliona haya kuuwekea kipimo mkono wa binti wa watu mbele ya askari wote. Kwetu mwanamume hamshiki mwanamke asiye wake, na hilo silijutii. Ninalojutia ni kwamba badala ya kutafuta njia, nilikisia kwa macho.

Siku ya shabaha nilisimama nyuma yake. Nilikiona kitako kikiteleza kutoka begani hadi mkononi, na nikajua kabla hajafyatua. Akakosa, tena na tena. Mkono ulivimba. Askari wakacheka, mmoja akasema bunduki si mwiko wa ugali. Mwanamisi alinitazama. Mimi nikainama nikajifanya naokota maganda ya risasi.

Akapelekwa getini. Wiki nzima nilikuwa nikipita pale asubuhi, ananiambia "Shikamoo, Ami," nami naitikia "Marahaba" huku nikiangalia chini. Chakula kilinishinda. Mke wangu, Mwanakombo, aliponibana nikamweleza yote. Akacheka kwa hasira.

"Kwani mimi sina mikono? Mlete hapa."

Mwanakombo akampima jikoni kwetu kwa utepe wa fundi cherehani. Kitako kilimzidi kwa upana wa vidole vitatu. Asubuhi ile ile nilikwenda kwa mkuu wa kituo, sajini na koplo wakiwa hapo, nikasema kosa ni langu.

"Mbona hukusema siku ile?" mkuu akauliza.

"Niliona haya, afande."

"Uliona haya kupima, ukaona haya kusema. Yeye ndiye akapelekwa getini."

Aliniandikia onyo, kisha akaniandikia barua ya kukata mbao. Nilikata, nikafunga raba, nikatia uzito kidogo. Mwanamisi alianza na risasi za baruti kidogo hadi macho yakazoea kubaki wazi. Alipopiga ile nzito, risasi tano ziliingia shabahani, na aliyesema habari za mwiko alikuwa wa kwanza kumpa mkono. Nililia, sikujificha.

Siku hizi nimestaafu, nipo Waa nachonga mbuzi za kukunia nazi. Sikio la kushoto limekufa nusu, na nayakumbuka mafuta ya bunduki kuliko uturi. Natamani hata makaripio ya sajini, Mungu amrehemu. Mwaka huu Mwanamisi alikuja kunijulia hali. Sasa yeye ndiye sajini, anafundisha wageni kazini. Nikamwuliza kama ule mkono bado humsumbua.

"Mkono ulipona kwa siku tatu, Ami," akasema. "Ile wiki ya getini ndiyo bado."

"Niwie radhi, mwanangu."

"Nilikuwia radhi zamani. Lakini nasikia unaandika habari za kazi. Usiandike raba na uzito peke yake. Andika na kwamba ulinyamaza."

Basi nimeandika.