Mbao Inayotaka Mikono Minne

Mzee Randa hakuwa mtu wa kusifu ovyo, lakini mbao ya eshi aliisifia mpaka wateja wakachoka. Ni mbao nyeupe ya nchi za baridi, nyuzi zimenyooka, ngumu lakini inasikia. Mpini wa shoka ukiuchonga kwa eshi, kishindo unakimeza wenyewe, kiganja hakiumii. Ukiiacha mvuani huoza upesi, hilo hakuficha. Ila ukiipika kwa mvuke, inapinda utakavyo.

Inapinda kwa muda mfupi tu, lakini. Ikitoka kwenye sanduku la mvuke haina simile: mmoja avute, mwenzake akaze vibano kabla haijapoa. Miaka yote mwenzake alikuwa mkewe. Mkewe alipofariki, mzee akabaki akichonga mipini, kazi ya mtu mmoja, katika karakana yenye kimya cha kukera.

Binti yake hakupenda. "Baba, funga karakana uje ukae kwetu. Peke yako hapa huwezi."

"Nani kasema siwezi? Njoo Jumamosi uone kiti nitakachounda."

Kiti chenyewe cha mgongo wa kupinda! Na ubao wa eshi ulikuwa umebaki mmoja tu. Jirani yake, fundi cherehani, angemsaidia bila kinyongo, lakini mzee aliona kumwomba ni sawa na kukubali kwamba binti kasema kweli. Basi akajikaza kisabuni.

Jumamosi aliutoa ubao ukifuka mvuke, akabana ncha moja kwenye kalibu ya kupindia mgongo wa kiti, akavuta ya pili kwa nguvu zote. Ukatii vizuri kabisa. Akapaza sauti, "Mama Watoto, kaza!"

Akangoja. Alingoja kweli, macho kwenye ubao. Alipokumbuka, ubao ulikwisha kupoa. Akaulazimisha, ukapasuka.

Binti alimkuta ameketi sakafuni, kwenye maranda.

"Mbao mbovu," mzee aliwahi kusema.

Lakini binti alikulia kwenye maranda hayohayo. Akapitisha kidole gumba juu ya nyuzi, zimenyooka tangu mwanzo hadi mwisho.

"Mbao nzima hii, Baba. Ilikuwaje?"

Mzee alitaka kubuni uongo mwingine, ukamshinda.

"Nilimwita mama yako," alisema. "Nikamsubiri."