Waya Ule Haukuua Ng'ombe

Ujumbe wa simu ulinikuta Jumatatu asubuhi nikiwa mezani, nyumbani kwangu Bariadi, chai imeshamiminwa. Uliandikwa na binti wa marehemu, mwalimu wa shule ya msingi hapa mjini: "Mzee ametutoka alfajiri. Tunazika kesho saa nane mchana, nyumbani." Nilielewa kwamba nyumbani haikuwa nyumba ya binti huyo, alikoishi baba yake miaka hii ya mwisho, bali kijijini kwake, mbele ya Mwandoya wilayani Meatu, mahali ambapo nami nimekuwa nikikwepa kufika ingawa ndiko alikozaliwa mama yangu. Chai ilipoa. Wasomaji wa safu hii mmezoea kunisoma nikiwakosoa madiwani, wakandarasi na watu wa vyama vya ushirika. Leo mnivumilie, maana wa kukosolewa ni mimi.

Marehemu alikuwa fundi wa redio za mawasiliano, zile ambazo hospitali za misheni na vituo vya porini vilizitegemea kabla ya simu za mkononi. Alipostaafu alirudi kijijini na mke wake kulima mahindi, choroko na viazi vitamu, na katika mizigo yake lilikuwamo sanduku la taa za redio, vile vichupa vya kioo vinavyowaka vyekundu kwa ndani, ambavyo mafundi wa rika lake waliviita valvu. Majirani walidhani amestaafu na takataka. Shamba lake lilikuwa la mwisho upande wa hifadhi, na kila mahindi yalipokomaa tembo walianza kwake. Baada ya misimu mitatu ya kulima na kutovuna, alilifungua lile sanduku. Mjomba wangu, ambaye boma lake halikuwa mbali na hapo, ndiye aliyenisimulia kwamba kuna mzee anafukuza tembo kwa vipande vya redio mbovu. Nikaona hapo pana makala, nikachukua daftari, nikaenda.

Alinipokea kwa "Mwangaluka", salamu ya asubuhi ya Kisukuma, na kiti cha kamba, kisha akanipeleka kwenye kibanda cha mabati pembeni mwa shamba. Juu ya paa palikuwa na paneli ya sola, sakafuni betri ya gari, na juu ya ubao valvu mbili zimesimama jirani, koili ya gari, na vidude viwili vya kuzungusha kama vile vya kutafutia stesheni. Waya ulitoka pale ukauzunguka mpaka wote wa shamba, umeshikizwa kwenye nguzo kwa shingo za chupa za soda. Alinieleza kuwa umeme haupiti humo mfululizo kama wa nyumbani. Unapita kwa mapigo: pigo moja fupi sana, kimya, kisha pigo jingine. Nilipomuuliza kwa nini valvu mbili, aliniambia nifikirie wanawake wawili wanaotwanga katika kinu kimoja. Mmoja akishusha mchi, mwenzake ameinua, na hawagongani kwa kuwa kila mmoja anangoja zamu yake. Valvu moja ikifanya kazi, nyingine imelala. Zinabadilishana, na kila zamu inaporudi kwa ya kwanza, pigo linaruka kwenda kwenye waya. Kidude cha kushoto kilipanga kasi ya kutwanga. Cha kulia kilipanga pigo liwe refu au fupi. Nikauliza kwa nini asitumie vifaa vya kisasa, akasema alijaribu, lakini radi ya kwetu hata ikipiga kijiji cha pili, transista imekufa, wakati valvu inashtuka tu na kuendelea na kazi.

Kila asubuhi alivua viatu na kutembea kwenye mpaka kuusikiliza udongo kwa nyayo. Ukiwa mkavu aliongeza. Mvua ikinyesha alipunguza, kwa sababu udongo mbichi unapitisha umeme kirahisi. "Sitaki kumuumiza tembo," alisema. "Nataka akumbuke tu." Halafu akaniambia nami nivue viatu, nishike waya. Nilisita. Mke wake, aliyekuwa anaanika michembe, vipande vya viazi vitamu, hapo karibu, alicheka akasema yeye aliushika siku ya kwanza akiwa na ndoo kichwani, na maji hayakumwagika. Basi nikashika. Mkono uliruka wenyewe, kiwiko kikagonga nguzo, na moyo ukanienda mbio, kwa woga zaidi kuliko kwa maumivu. Ilikuwa imenyesha, nimesimama peku kwenye tope, na nilikuwa mzima kabisa. Naomba jambo hilo lishikwe vizuri, kwa sababu kosa langu limesimama juu yake.

Kabla sijaandika makala hiyo, ng'ombe wa mjomba alikufa. Alikutwa asubuhi moja ya mvua amelala hatua chache kutoka kwenye waya, povu mdomoni. Nilikuwa kijijini siku hiyo kwa ajili ya kumjulia hali bibi yangu, na nikaitwa ofisi ya kijiji pamoja na wengine. Mjomba alisema uzio umemuulia mnyama wake. Fundi alijibu kwa utulivu kwamba alikuwa amepunguza pigo tangu mvua ilipoanza, na kwamba hata lingekuwa kubwa, lisingeua kuku. Akawaomba waende wote wakashike waya. Hakuna aliyeinuka. Badala yake, mtu mmoja nyuma akasema kwa sauti ya chini lakini ya kusikika kuwa mzee huyu anafuga radi kwenye chupa. Wasomaji wa huku kwetu wanajua neno la namna hiyo, la kumtuhumu mzee uchawi, likiachwa litambae huishia wapi. Mwenyekiti wa kijiji naye alijua, kwa hiyo akalikata upesi kwa kunigeukia mimi. Akasema mimi nimesoma, naandika kwenye magazeti, tena nimeshawahi kuuona mtambo huo kwa karibu. Je, waya ule unaweza kuua ng'ombe?

Mjomba alikuwa amekaa mbele yangu. Baba yangu alipofariki, ng'ombe wa boma lile ndio walionisomesha hadi nikamaliza. Fundi alinitazama bila wasiwasi wowote, kama mtu ambaye shahidi wake amefika. Jibu lilikuwa fupi na nilikuwa nalo mkononi. Nikasema, "Umeme ni umeme, wazee wangu. Mimi si fundi." Sikumtazama tena. Mwenyekiti alishukuru, na kikao kikaamua waya uondolewe siku ile ile. Nilisikia baadaye kuwa fundi aliukunja mwenyewe, taratibu, akiviringisha mikunjo iliyolingana, na mke wake akizikusanya zile shingo za chupa kwenye beseni.

Tembo hawakukawia. Wiki ile ile walipita wakala mahindi, wakachimbua viazi, wakaangusha ghala. Kulipopambazuka, mke wa fundi alitoka na debe tupu kuwafukuza waliokuwa wamebaki, akaanguka mtaroni alipokuwa anakimbia kurudi, akavunjika nyonga. Mumewe alimleta hospitali Bariadi, na kwa kuwa matibabu yalichukua muda mrefu, wakahamia kwa binti yao. Hawakurudi kulima tena. Mama anatembea na fimbo hadi leo.

Kwa hiyo tukawa watu wa mji mmoja. Nilikuwa nakutana na fundi sokoni au karibu na stendi, akibeba chaja za simu za watu alizozitengeneza. Alinisalimia kila mara kwa jina la ukoo wa mama yangu, akaniuliza habari za bibi, na hata siku moja hakutaja kikao kile. Ningependa kuamini kuwa alisahau. Siku moja nilimfuata hadi kwa binti yake, nimejiandaa kusema. Nilizikuta valvu zake ndani ya kopo la biskuti, zimefungwa kwa pamba moja moja. Badala ya kusema nililokwenda kusema, nilimuuliza kwa nini haziwashi tena, walau wajukuu waone. Alifikiri kidogo akajibu, "Niziwashe nilinde nini?" Tukanywa soda, nikaaga. Nilijiambia nitarudi wiki inayofuata, na wiki hiyo imekuwa miaka.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sisi tuliosoma kidogo tunapenda kujificha nyuma ya maneno kama hayo yangu. Ukisema wewe si mtaalamu, unaonekana mnyenyekevu, na papo hapo unakuwa umemwacha mtu peke yake. Kijijini kwetu wengi hawakuwahi kushika waya ule. Woga wao ulikuwa wa haki. Wangu haukuwa woga wa umeme. Siku hizi watu wa miradi wanapita vijiji vya Meatu na uzio wa sola uliokuja kwenye maboksi, unaotoa mapigo yale yale, na wanakijiji wanakusanyika kuupokea. Mtu aliyeweza kuyapanga mapigo hayo kwa kukanyaga udongo alikuwa anatengeneza chaja mtaani kwetu, na hakuna aliyemwita. Hata mimi sikuwaambia kuwa yupo.

Tulimzika Jumanne. Baada ya mazishi nilikwenda kwa mjomba, sasa mzee sana, nikamweleza kwamba niliushika waya ule nikiwa peku kwenye tope kabla ng'ombe wake hajafa, na kwamba nilinyamaza kwa ajili yake. Kisha akaniambia kuwa siku ya pili tu baada ya kikao, mkewe alimweleza kuhusu beseni lao walimooshea bomba la kupulizia sumu ya wadudu wa pamba. Maji yale yalibaki uani usiku ule wa kuamkia kifo cha ng'ombe, na asubuhi walilikuta beseni limelambwa likakauka. Nilimuuliza kwa nini hakurudi kwa mwenyekiti. Alisema, "Wewe msomi ulishasema umeme ni umeme. Nikaona labda vyote viwili vilimuua." Alisema hivyo akitazama mikono yake, na nilijua kwamba hakuwahi kuliamini jambo hilo, kama vile mimi nisivyowahi kuyaamini maneno yangu. Neno langu lilikuwa limempa mahali pa kujificha.

Nilikwenda kwa mjane, aliyekuwa ameketi juu ya mkeka na wanawake wa ukoo, fimbo yake kando. Nilipiga magoti, nikamweleza yote mawili, langu na la beseni, bila kupunguza. Nilitegemea alie au anifukuze. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema, "Mwanangu, kwamba waya haukuua, mimi na yeye tulijua. Usituambie sisi. Waambie wao." Kisha akaomba nisogee kidogo, maana nilikuwa nimemzibia mlango na kuna watu walitaka kuingia kumpa pole.

Ndiyo maana safu ya leo nimeiandika hivi. Mjomba ameniruhusu, ingawa kwa shida, na ameniahidi kusimama na kusema mwenyewe kwenye mkutano wa kijiji utakaofuata. Nami nitakuwepo. Waya ule haukuua ng'ombe, na nilijua hivyo tangu siku nilipoulizwa. Nimejifunza kwamba ushahidi una msimu wake kama kilimo: ningeutoa siku ile, ungeacha uzio umesimama, mahindi yakavunwa, na mama yule akaendelea kutembea bila fimbo. Kuutoa sasa kunasafisha jina la mtu ambaye hawezi tena kusikia likitajwa, na kwa sehemu kubwa kunanisaidia mimi kulala. Ukiulizwa jambo unalolijua, na aliyekutegemea yuko mbele yako anakutazama, jibu hapo hapo.