Sauti ya Everald Kwenye Sahani Laini

Ukiwauliza wanaume wa Huddersfield habari za mtambo wa muziki wa Minho, watakueleza kwanza ukubwa wa spika zake. Watakwambia zilikuwa ndefu kupita mlango wa kanisa, besi yake ilitikisa vikombe kabatini nyumba ya tatu, na Cleveland Prendergast alizichonga mwenyewe kwa mbao za makabati ya nguo yaliyotupwa na Waingereza. Yote hayo ni kweli. Hawatakwambia nani alishikilia mbao Cleveland akivuta msumeno, wala nani alishona maturubai ya kuzikinga na mvua. Alikuwa Lurline, mke wake. Habari hizi ni zake.

Lurline alizaliwa Rock River, kwenye milima ya Clarendon, Jamaika. Shule aliiona kwa nje. Baba yao alikufa mapema, mama yao, Miss Icilda, akawa anakwenda kukata miwa tangu alfajiri, na wa kumlea mdogo wake Everald alikuwa yeye, mtoto wa miaka saba anayebeba mtoto. Alimlisha, akamwogesha, akamchapa na akachapwa kwa ajili yake. Alipofika miaka kumi na saba shangazi yao alimwita Uingereza. Baada ya miaka miwili alikuwa amechuma nauli ya Everald. Miss Icilda alimpandisha mwanawe basi la Kingston, mtoto akilia kwa kisauti chembamba kama cha mwanambuzi, na hicho ndicho kisauti mama alichobaki nacho.

Huddersfield ni mji wa sufu. Lurline alipata kazi kiwandani ya kupapasa vitambaa vilivyotoka kwenye mashine, akitafuta mafundo na nyuzi zilizokatika kwa ncha za vidole. Everald alikulia mikononi mwake, akawa mwanaume mrefu mwenye sauti nzito ya kushangaza kwa mtu mwembamba vile.

Miaka hiyo, ukumbi wa dansi wa mjini ulikuwa na mtu mlangoni wa kukwambia wewe mweusi kumejaa, nawe unaona viti vitupu nyuma ya bega lake. Basi watu wakacheza kwenye vyumba vya chini ya nyumba zao, kwenye mabohari, kwenye kumbi za makanisa. Kila mtaa ukawa na mtambo wake, na kila mtambo ukataka kuuzima mwenzake. Cleveland aliuita wa kwake Minho, jina la mto wa kwao Clarendon, na Everald akawa mwenye maikrofoni. Santuri ikigeuzwa upande usio na maneno, yeye alighani juu yake. Alisifu, alitania, alitukana kwa adabu. Watu walikuja kutoka Leeds na Sheffield kumsikiliza yeye, ingawa Cleveland alidhani wamekuja kuona spika.

Kulikuwa na fundi mmoja London aliyewakatia wenye mitambo nyimbo zao kwenye sahani laini, moja moja, kila mtambo na wake. Wimbo huo huukuti dukani. Ndiyo nguvu ya mtambo: kuwa na kitu ambacho mwenzako hana. Lakini sahani laini si santuri. Kila sindano inapopita, inakula kidogo. Ikipigwa mara hamsini inaanza kukohoa, na baada ya hapo unahesabu siku zake.

Mwaka 1974 Everald alikwenda London na Cleveland, akaghani kwenye sahani moja. Alimpiga vijembe kila mwenye mtambo wa kaskazini, kisha, muziki ukikaribia kwisha, akasema: "Na wewe Miss Icilda wa Rock River, usihofu. Mwanao anakula, anavaa, na dada yake bado anamgombeza." Lurline aliposikia alicheka mpaka akakaa chini.

Februari iliyofuata Everald alishikwa na kichomi. Aliumwa siku tisa, akafa. Alikuwa na miaka ishirini na sita.

Barua ya mama yao ilifika baada ya miezi miwili, imeandikwa na jirani yake, Mista Bancroft. Lurline aliipeleka kwa Miss Pansy, rafiki yake wa kiwandani, amsomee. Miss Icilda alisema sukari imemaliza macho yake, kwa hiyo wasimtumie picha. "Naambiwa alikuwa na sauti ambayo watu wanaisafiria," ilisema barua. "Mimi mama yake siijui. Niletee niisikie kabla sijafa."

Miss Pansy alikunja karatasi. "Nauli unayo?"

"Nitaitafuta."

Siku hiyohiyo alimwambia Cleveland, aliyekuwa amepiga magoti nyuma ya amplifaya na bisibisi mdomoni.

"Ile sahani ya Everald naitaka. Nimpelekee Mama."

"Sahani ya mtambo ile, Lurl."

"Basi nitilie kwenye kaseti."

Cleveland alitoa bisibisi mdomoni, akamtazama kama mtu aliyeambiwa auze mlango wa nyumba. "Kaseti? Wewe unajua unachosema? Kaseti ikitoka humu leo, kesho iko Leeds. Keshokutwa kila mwenye redio anayo. Mimi nitabaki na nini?"

"Inakwenda Rock River, Cleveland. Kwa bibi kipofu."

"Na huyo bibi hana majirani? Hakuna mtambo duniani unaotoa kaseti ya sahani yake. Waulize wote." Kisha akalegeza sauti. "Sikiliza. Ile sahani naiweka. Siipigi tena. Siku ukipata nauli, unaichukua yenyewe. Umeridhika?"

Aliridhika. Alimwamini kwa sababu kwa habari ya sahani Cleveland hakuwa na mzaha.

Lakini Jumatatu ya sikukuu ya Agosti, mwaka uliofuata, ulikuja mtambo wa Leeds unaoitwa Brigadia, ukajipanga upande wa pili wa ukumbi wa Wakaribi, adhuhuri, jua likali, milango wazi. Lurline na Miss Pansy walikuwa jikoni na sufuria ya mbuzi wa bizari na nyingine ya wali wa maharage. Walisikia yote kupitia dirisha la kupitishia sahani za chakula.

"Huddersfield!" alinguruma mtu wa Brigadia. "Hivi huu Minho ni mto kweli? Mimi nimeuvuka na soksi, tazameni, kavu!"

Ukumbi uliangua kicheko.

"Mdomo ule," alisema Miss Pansy. "Utadhani shimo la makaa."

"Mwache. Koroga chini, isishike."

Saa tisa Minho ulikuwa unashindwa. Hata jikoni ulijua, kwa sababu watu walianza kuja kununua chakula wakati Cleveland anapiga. Kisha muziki ukakatika. Halafu ukumbini ikasimama sauti ya Everald.

Lurline alidondosha mwiko.

Watu walijua amekufa. Wengi wao walikuwa wamebeba jeneza. Walipiga kuta kwa viganja, walipiga milango, wanaume wazima walilia, na wote wakadai kwa sauti moja, "Rudisha! Rudisha!" Ndiyo desturi: wimbo ukiwachoma watu, sindano inainuliwa na unaanza upya, na mtambo ambao umerudishwa mara nyingi ndio ulioshinda. Cleveland akarudisha. Wakadai tena, akarudisha tena. Lurline, aliyekuwa akihesabu nyuzi kwa vidole siku nzima kiwandani, alihesabu mara tano. Mara ya sita alitoka jikoni na aproni yake, akapasua umati.

"Itoe hiyo sahani."

"Lurl, sio sasa."

"Ulisema umeiweka!"

"Niliiweka, ndio hii nimeitoa. Husikii watu? Everald anatushindia!"

"Unamla, Cleveland. Kila ukiinua hiyo sindano unamla."

"Mwenyewe angetaka."

"Mwenyewe amekufa, hataki kitu. Anayetaka ni Mama."

Kijana mmoja nyuma alipaza sauti, "Mama, rudi jikoni, mchuzi unaungua!" Watu wakacheka, si kwa ubaya, kwa furaha tu ya siku ile. Cleveland alicheka nao. Alimsogeza mkewe kwa kiwiko, taratibu, kama anavyosogezwa mtu aliyesimama mbele ya spika, akairudisha sindano mwanzo.

Na kweli mchuzi ulikuwa unaungua. Lurline alirudi akauchota ule wa juu ambao haujaungua, akauuza.

Minho ulipata kombe. Kutoka hapo Cleveland hakujificha tena. Aliipiga Birmingham, aliipiga Bristol, aliipiga kila mahali alipobanwa, na kila mara alirudi na jibu lake tayari: ilikuwa lazima, ilikuwa mara moja tu, wewe huelewi mambo ya mitambo. Lurline aliacha kuuliza. Alifanya zamu mbili kiwandani. Aliwaza kwamba akipata nauli haraka atakuta kitu kimebaki.

Aliipata Oktoba 1977. Wakati huo Cleveland alikuwa na mwanamke Leeds, na vitu vyake vingi vilikuwa vimeshahamia huko, spika zikiwa za kwanza. Alikuja kuchukua waya zilizobaki, na sahani akaileta bila kuombwa, ndani ya bahasha yake ya kahawia.

"Haya. Mpelekee mama."

Lurline aliishika kwa ncha za vidole, kwenye kingo. "Imebaki kiasi gani?"

"Ah, bado. Ina mara mbili tatu nzuri humo. Usiipige tu hapa, itunze."

Hakuipiga. Angeweza kuiweka kwenye gramafoni ya Miss Pansy, akasikia, akajua. Lakini ingekuwa mara moja imeliwa, na mara hiyo ilikuwa ya mama yake. Aliifunga kwa flaneli, akaipakata ndani ya ndege kwa muda wa saa tisa na nusu, akamkatalia mhudumu aliyetaka kuiweka juu.

Rock River walimpokea kwa nyimbo. Miss Icilda alikuwa amekuwa mdogo, ameketi barazani na gauni la kanisani, amesukwa nywele kwa ajili ya siku ile. Alimpapasa binti yake usoni, kwenye mabega, kwenye vidole.

"Umemleta?"

"Nimemleta, Mama."

Mista Bancroft alikuja na gramafoni yake na betri aliyoitoa kwenye lori. Majirani waliambiwa wanyamazishe kuku. Lurline alifuta sindano kwa pumzi, akaiteremsha.

Besi ilikuwapo, kwa mbali, kama mtu anayesogeza kabati nyumba nyingine. Juu yake ulikuwa mkwaruzo tu, mrefu, sawasawa, kama mchanga unaomwagwa usiokwisha. Miss Icilda alikuwa ameinamisha kichwa upande wa spika, mdomo wazi kidogo.

"Anaanza lini?"

Sindano ilifika mwisho. Lurline aliirudisha mwanzo. Mkwaruzo uleule. Mista Bancroft alitazama viatu vyake.

"Lurline, anaanza lini mwanangu?"

Hapo Lurline aliinama karibu na spika, na muziki ulipofika pale anapopajua, akaishusha sauti yake chini kadiri kifua kilivyoweza, akasema, "Na wewe Miss Icilda wa Rock River, usihofu. Mwanao anakula, anavaa, na dada yake..."

Bibi aliinua mkono.

"Hiyo ni sauti yako," alisema. "Yako naijua."

Sahani iliendelea kuzunguka na kukwaruza. Miss Icilda alisubiri kidogo zaidi, labda ili awe na hakika, kisha akarudisha mgongo kwenye kiti na kupanga gauni lake magotini.

"Zima, mwanangu," alisema. "Betri ni ya watu."