Jina la Pili Kwenye Hati

Mjomba wangu na mkewe waliozeshwa sebuleni, hapa Silver Spring, Maryland, mbele ya sheikh na masinia ya biriani, na hakuna aliyefikiria kwenda kaunti kuchukua leseni ya ndoa. Kwetu watu wa Pwani mambo yalikuwa yamekwisha: mahari imetolewa, mashahidi wameona, halua imeliwa. Mjomba alikuwa raia wa Marekani. Mkewe ni Mzanzibari ambaye viza yake ilikwisha zamani, kwa hiyo waliponunua nyumba liliandikwa jina la mjomba peke yake. Waliamini mgeni asiye na makaratasi hawezi kumiliki hata kibaraza. Mimi pia niliamini hivyo, tena kwa sauti kubwa.

Lakini nyumba ilikuwa ya mkaza mjomba jamani. Vigae vya jikoni alivibandika mwenyewe, amepiga magoti, kanga kiunoni, akitoka zamu ya kutunza wazee wa watu. Nilikuwa nikikaa chumba cha chini, nikimsikia akigonga na kujisemesha.

Kisha moyo wa mjomba ukaanza kusumbua, madaktari wakapanga kumpasua, nami nikawapeleka kwa wakili. Wakili akaomba cheti cha ndoa cha kaunti.

"Sheikh alitufungisha," mjomba akasema.

Wakili akaeleza polepole, nami nikitafsiri. Kwa sheria ya Maryland hawa ni watu wawili tu wanaokaa pamoja. Mjomba akifariki bila wasia, nyumba yote ni ya binti yake wa ndoa ya kwanza.

"Kumbe kwa serikali mimi ni hawara?" akauliza mkaza mjomba. Nikacheka, Mungu anisamehe, mpaka nilipoona yeye hacheki.

Wakili akasema dawa ipo: wafunge ndoa ya kaunti, au jina lake liongezwe kwenye hati, kwamba atakayebaki hai achukue nyumba nzima. "Lakini mimi mgeni," mkaza mjomba akasema. Wakili akashangaa. Sheria hapa haimdai mwenye nyumba pasipoti. Miaka yote ile!

Ndoa ya kaunti aliikataa palepale. "Nimeshaolewa. Nikiolewa tena na mume wangu, ile ya kwanza ilikuwa nini?" Jina kwenye hati alilikubali kwa sharti moja, kwamba binti aambiwe kwanza.

Nilipandwa na hasira. Binti yule akija kutoka kwake Fairfax hujifungulia mlango kwa ufunguo wake, moja kwa moja kwenye friji, salamu baadaye. Tukiwa kwenye gari nikamwambia mkaza mjomba, "Anti, saini kwanza, maelezo baadaye. Akikataa utalala wapi?"

"Sijui. Lakini simchukulii mtoto nyumba ya babake akiwa hana habari."

Jumapili binti akaja. Mjomba akamweleza kwa Kiswahili, naye kama kawaida yake akajibu kwa Kiingereza: yaani baba akifa, yeye ana haki ya kumtoa mama huyu nje?

"Ndiyo," mjomba akasema.

Binti akamgeukia mkaza mjomba, akamuuliza kwa nini wanamwambia kabla ya kusaini.

"Nikwambie lini, mwanangu?"

Binti akatazama vile vigae vya jikoni. "Dad, put her name," akasema. Jina liandikwe.

Nimekaa na watu wengi wanaojua kuhubiri haki. Wanawake hawa wawili hawakuhubiri kitu, na siku ile niliwapenda kuliko ninavyoweza kueleza. Hati ikasainiwa wiki hiyohiyo. Mjomba hakuamka kutoka kwenye upasuaji.

Baada ya arobaini tulikuwa jikoni, kengele ikalia. Nilimfuata mkaza mjomba mlangoni. Binti amesimama nje, ufunguo mkononi.

"Ufunguo umeharibika?"

"No. It's your house now," akasema. "Nyumba ni yako sasa, lazima nibishe hodi."

Mkaza mjomba akamtazama, kisha akamfungia mlango usoni, akazungusha kitasa. Akarudi jikoni kukata vitunguu, machozi yakimtiririka. Nikageuka nikamfungulie maskini.

"Kaa chini!" akafoka. "Ana ufunguo."

Nikakaa. Tukangoja, mpaka tukasikia ufunguo ukizunguka mlangoni, na baada yake mlango wa friji.