Bawaba za Ndege ya Yunisi

Nakumbuka mchana mmoja, mwanangu, nilipoishika ndege ya watoto na kukivuta kipande cha bawa lake huku naomba moyoni king'oke. Usinishangae. Sisimulii haya ili unione mtakatifu.

Mjukuu wangu Yunisi alikuwa amemaliza kidato cha sita, yuko kwangu hapa Nkuhungu, Dodoma, hana chuo wala kazi. Msichana ana akili kali kama wembe, na mikono yake haitulii. Asubuhi moja akaja na kijana aliyesoma naye, anaitwa Ombeni, mrefu mwembamba, kabeba yale maboksi meupe mepesi ya kuwekea samaki. "Shikamoo, bibi." Nikaitikia. Akaenda uani, akarudi kuchukua mkasi. "Shikamoo, bibi." Akapita kunywa maji, shikamoo tena. Mwanangu, kijana anayekuamkia kila akipita ana jambo. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni.

"Mnafanya nini huko?" nikauliza.

"Tunatengeneza ndege, bibi," akasema Yunisi.

"Ndege ya samaki?"

"Ndege ya kuruka. Tunaiongoza kwa rimoti."

Nikamgeukia yule kijana. "Na wewe unataka kuruka na nani?" Akacheka, akatazama chini. Basi nikachukua ungo wangu, nikahamia ubarazani, pale ninapouona ua wote.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Mjini kuna karakana inayorusha ndege ndogo zisizo na mtu ndani, zinapiga picha mashamba. Fundi wao mkuu, mama mmoja mtu mzima, aliwaambia: tengenezeni ndege yenu wenyewe tangu mwanzo, mje mnionyeshe inaruka na inageuka mnakoiambia. Ikigeuka, nawachukua wote wawili mjifunze kazi. Ikianguka angani, wapo wengine wanaosubiri. Yunisi alikuwa amebisha milango mingi mwaka ule, na huo ndio pekee uliokuwa umemjibu.

Mimi shule niliiacha mapema, kwa hiyo kazi yao nilijifunza kwa macho. Usione vyaelea, vimeundwa, na hata virukavyo hivyohivyo. Nyuma ya kila bawa wanakata kipande kirefu chembamba. Wao wanakiita eleroni, mimi nakiita ulimi. Ulimi wa kulia ukipanda, wa kushoto unashuka, na ndege inalala upande mmoja kama ng'ombe anayejikuna mbavu kwenye mti. Ukingo wake wanauchonga mshazari ili usikwame unapokunjwa. Halafu zinakuja bawaba. Wanakata vipande vidogo vya plastiki kwenye jalada la faili kuukuu, wanapasua bawa na ulimi kwa wembe, plastiki inaingia nusu huku, nusu kule, kwa gundi. Ombeni alichukua bawa la kulia, Yunisi la kushoto.

Macho yangu yote yalikuwa kwenye mikono ya Ombeni. Kila kipande cha plastiki alikisugua kwa msasa mpaka mng'ao ukaisha. Gundi ilipokauka akatoboa, akapenyeza kijiti cha kuchokolea meno, kikapita katikati ya plastiki kama msumari. Nikajiambia, huyu anavuta muda apate kukaa. Nikaanza kumwita Yunisi. Yunisi, njoo uchambue mchele. Yunisi, angalia maharage. Sikuwa na njaa. Nilitaka aondoke pale alipokaa.

Ikafika siku ya kuamkia kurusha. Wakaniletea ndege ubarazani, nyeupe, imenyooka, na vijimashine vidogo vya kusukuma zile ndimi vimeshafungwa.

"Imekamilika, bibi," akasema Ombeni. "Haina shida."

Neno hilo nalijua. Fundi aliyeniezekea nyumba naye alisema haina shida, na mvua zilipokuja nikalala nimekumbatia sufuria. "Lete hapa," nikasema. Nikaushika ulimi wa bawa la Ombeni, nikauvuta.

"Taratibu, bibi," akasema Yunisi.

"Upepo wa Dodoma unajua taratibu?" Nikavuta tena, kwa nia mbaya kabisa. Haukutoka. Uliinama na kuinuka kama kope. Ukweli ni kwamba niliumia moyoni.

Nikawarudishia ndege yao. "Na wa kwangu?" akauliza Yunisi.

"Wa kwako sina haja nao. Wewe ni damu yangu."

Ombeni akakohoa. Kikohozi kile, cha mtu aliyeona upendeleo, kikanirudisha Bahi, kwenye utoto wangu.

Nilikuwa binti wa kuchunga ndama. Bibi yangu, mama yake baba, mwanamke asiyecheka ovyo, aliniuliza jioni kama mlango wa zizi la ndama umefungwa. Nikamwambia umefungwa, baba ameufunga mwenyewe, tena kautilia bawaba mpya za ngozi.

"Sikukuuliza nani kaufunga," akasema. "Umeuvuta?"

"Ni kazi ya baba, bibi."

Akanitazama kama mtu anayetazama mtama ulioingia wadudu. "Fisi hamjui baba yako."

Nikaenda kwa kununa, nikavuta. Ukanda wa juu ukakatika. Baba alikuwa ameufunga ngozi ikiwa mbichi, ikakauka, ikapasuka, na kwa macho hukuona kitu. Na huyo baba yangu, mwanangu, kwa bibi alikuwa mwana wa kumzaa. Hakumpunguzia hata kidogo. Alimwita pale pale, mlango ukafungwa upya kabla giza halijaingia.

"Lete tena," nikamwambia Yunisi. Nikaushika ulimi wake, nikauvuta kidogo tu, kwa mapenzi. Ukanibaki mkononi. Plastiki zimetoka safi, zinang'aa, gundi haijaziuma popote.

Kisha Yunisi akasema, "Ulikuwa unaniita, bibi."

"Nilikuita. Msasa nilikufichia?"

Akainamisha kichwa. "Niliona Ombeni anazidisha."

"Hata mimi niliona hivyo," nikasema, na hapo sikudanganya.

Ombeni akataka kusaidia. "Tupake tu gundi kwa juu, mpaka kesho itakuwa imeshika."

"Hapo sasa ndipo nilipokuwa nakungoja," nikamwambia. Lakini Yunisi mwenyewe alikuwa ameshakataa. Alichukua wembe, akapasua sehemu mpya kando ya zile za zamani, akakata plastiki nyingine, akazisugua msasa, akazipigilia vijiti. Mchele nikauchambua mwenyewe.

Asubuhi tukaenda Bahi, kwenye uwanda wa mpunga uliokwisha kuvunwa, maana Msalato ndiko zinakoshuka ndege kubwa, huwezi kurusha yako huko. Mama fundi akafika, akaitikia salamu, akaichukua ndege, na kabla ya neno lingine akaushika ulimi wa kulia, akauvuta. Akaushika wa kushoto, akauvuta kwa nguvu zaidi. Mimi nilikuwa nimeziba mdomo kwa khanga.

"Huu wa kushoto kaufunga nani?"

"Mimi," akasema Yunisi. "Mara ya pili. Mara ya kwanza ulimbaki bibi mkononi."

"Bibi alikuwa anavuta ya nini?"

"Alitaka wangu ung'oke," akasema Ombeni. Kumbe kijana alikuwa anaona yote.

Mama fundi akacheka mpaka akafuta macho. Kisha wakairusha. Upepo ulikuwa mkali, umebeba vumbi. Akasema kushoto, ikalala kushoto. Akasema kulia, ikaenda kulia. Kwenye kutua ikachimba pua kwenye mabua ya mpunga, ikavunjika shingo, na Yunisi akafunika uso. Mama fundi akaiokota, akaitazama pua, akazivuta zile ndimi tena.

"Pua ni ya kuunga," akasema. "Jumatatu mje kazini. Mkichelewa nafunga geti."

Mwanangu, sikwambii uache kushuku. Anayekuambia uamini kila mtu, mtazame mikono. Ninachokuambia ni kwamba shaka yako uigawe kwa haki. Mgeni tunamkagua mpaka ukucha, na wa kwetu tunampitisha kwa sababu ya jina, ndiyo maana wahenga wakasema kikulacho ki nguoni mwako. Anza na kazi ya mkono wako, ivute kabla hujaisifu. Kisha ya umpendaye, maana hiyo hakuna mwingine atakayethubutu kuivuta. Ya mgeni itakaguliwa tu, wapo wengi wa kuikagua. Na mtu akija kuvuta yako, usinune, hata kama amekuja kwa nia mbaya kama yangu.

Mungu akupe mikono isiyoona uvivu kurudia. Unachokiunga kishike. Na kama lazima king'oke, akujalie king'okee nyumbani, mkononi mwa mtu wako, mapema, ukiwa bado na gundi.