Nguzo Alipokubali Kuketi

Wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, amepiga pasi kwenye nyumba ya wageni tangu enzi za pasi ya mkaa. Wenzake walimwita Nguzo, maana hakuna aliyewahi kumwona ameketi kazini. "Shuka halinyooshwi kwa makalio," aliwaambia wasichana aliofanya nao kazi.

Maumivu yalipomwanza hayakumbana kifua. Yalimshika taya na mgongo, na akipanda ngazi pumzi inakata. Tukasema jino, tukasema uzee. Kumbe ni moyo. Daktari, mwanamke wa makamo, alisema mishipa imekuwa myembamba, damu haiufikii moyo vya kutosha, na wanawake wengi humjia na dalili kama hizo. Akampa dawa za kumeza kila siku, pamoja na vidonge vidogo vya kuweka chini ya ulimi maumivu yakija. "Ila ukae kwanza, mama."

Nguzo akae, wasichana wakimtazama? Thubutu! Maumivu yalipokuja alikiweka kidonge amesimama, pasi mkononi. Kizunguzungu kikamzoa, akaangukia kapu la nguo chafu. Jioni akanijia amevimba kwa hasira.

"Wifi, ile ni sumu. Simezi tena hata kimoja!"

Akaacha zote, hata za kila siku.

Watu husema mawifi hawapikiki chungu kimoja. Sisi tumepikika, na kubembeleza sijui. Nikamwambia, "Kaka yako nimemzika. Wewe sikuziki kwa sababu ya kiburi." Nikamburuta hadi kwa daktari.

"Kidonge kinatanua mishipa, presha inashuka," daktari alieleza. "Ukiwa umesimama, utaanguka tu. Na zile za kila siku usiziache, ndizo zinazoulinda moyo."

Wifi akazirudia, huku ananuna. Kazini nikamfuata, nikajifanya nimekuja kusalimia. Haikuchukua muda, nikamwona anashika taya. Akawatazama wasichana, akanitazama mimi. Nikamsogezea kreti la soda.

Akazima pasi. Akaketi. Akaweka kidonge chini ya ulimi.

"Makubwa! Nguzo imekaa!" akasema msichana mmoja mtundu. "Na leo hujibu, bibi?"

Wifi, midomo imefungwa, akamtolea macho huku mabega yanatikisika kwa kicheko. Taratibu uso ukamlegea, maumivu yakaondoka. Hakuinuka. Akanyoosha kidole.

"Wewe, hiyo kona ya shuka umeikunja ovyo. Rudia."

"Bibi, si umekaa?"

"Nimekaa, sijafa."