Maharagwe ya Mama Goreti

Harufu ya maharagwe yaliyoungwa kwa mafuta ya mawese hainipiti hivihivi. Nikiisikia popote, mguu husimama wenyewe na moyo hurudi Kilungu, mwezi wa Oktoba, udongo mwekundu ukiwa umechimbuliwa na bado una unyevu wa asubuhi. Kwetu, mwendo mfupi kutoka soko la Nunguni, mashamba yameegemea mlima, na bila mitaro mvua ya vuli hubeba mbegu na udongo wenyewe hadi bondeni. Kwa hiyo kila Jumanne kulikuwa na mwethya: majirani walikusanyika na majembe kumchimbia mmoja wao mitaro na kuipandia nyasi za kuishikilia, wiki inayofuata wakaenda kwa mwingine, mpaka mlima mzima uishe. Desturi ilikuwa moja na haikuvunjwa. Mwenye shamba, siku ya zamu yake, hashiki jembe; kazi yake ni kulisha watu. Aliyetuongoza alikuwa Mama Kyalo, mama mnene mwenye firimbi shingoni, na firimbi hiyo sisi watoto tuliiogopa kuliko kengele ya shule.

Nilikuwa na miaka kumi Nestori alipokuja. Alitoka Burundi na mkewe na binti yao Goreti, wakakodi shamba lililo juu ya letu, ambalo mmiliki wake aliishi Nairobi na alikuwa amewaambia wazi kwamba wakiliacha lioshwe na mvua atawatoa. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, nasi hatukungoja hata hiyo ya tatu. Nestori alichimba kwa kila mtu. Hakuinua kichwa, na alipomaliza kipande alichopimiwa aliingia cha Mama Kyalo mwenyewe, ambaye magoti yalikuwa yakimsumbua. Sisi watoto tulibeba maji na kushika kamba ya kupimia, na tulikuwa na kazi nyingine ambayo hakuna aliyetutuma: kumwiga Goreti akiongea. Kiswahili chake kilikuwa laini na kimepangika, na sisi tuliokuwa tukisema "hii kiti" ndio tuliomcheka. Naona aibu mpaka leo, ingawa yeye alinisamehe zamani, kwa avokado mbili nilizompelekea.

Zamu yao ilipofika, mke wa Nestori, Mama Goreti, aliamka gizani akapika. Alitoa chupa ya mawese aliyoitunza tangu safari yao, akaunga sufuria nzima ya maharagwe ya kuwatosha watu thelathini. Tulipanda mlima tukiisikia ile harufu. Tukafika mpakani mwa shamba lao, na Mama Kyalo akapuliza firimbi, akaonyesha kwa jembe shamba lililofuata. "Hii shamba ni ya kukodi," alisema. "Hawa kesho wataenda kwao. Nyasi za mtaro tutapandia nani?" Watu wakatazama chini. Nestori akasema, "Sawa, mama," kisha akatufuata na jembe lake. Shamba lililofuata lilikuwa letu. Mama yangu alikuwepo, alisikia kila neno, na hakufungua mdomo. Nestori alituchimbia mtaro siku ile mpaka saa nane, na Mama alipompakulia muthokoi, mahindi yetu ya kukobolewa na maharagwe, alimjazia sahani bila kumtazama usoni. Kule juu sufuria ya mkewe ilipoa bila kuguswa.

Usiku kwetu kulikuwa na jambo lingine lililokuwa likitunyima usingizi. Dada yake Mama, shangazi yetu Mwikali kama tulivyozoea kumwita, alikuwa ameenda Uarabuni kufanya kazi za nyumbani, na kwa miezi mitano hatukuwa tumesikia sauti yake. Mama aliweka simu juu ya redio, mahali pekee ilipopata mtandao, na hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Ijumaa ya wiki ileile ikalia. Nilimwona Mama akikaa chini kwenye sakafu na simu sikioni, nikadhani ameletewa msiba, kumbe anacheka na kulia kwa pamoja. Mwikali alikuwa hai. Aliugua, akafungiwa chumbani, mpaka mama mmoja wa nyumba ya jirani, mwenyeji wa huko kabisa, alipogonga mlango na kumwambia mwajiri kwamba msichana huyo ni mtu na ana mama yake mahali fulani. Wakampeleka hospitali. Sasa alikuwa amepona na anarudi nyumbani.

Habari njema kwetu hailiwi nyumbani peke yake. Jumapili tulisimama mbele kanisani kutoa shukrani, sote nyuma ya Mama, na yeye amekumbatia jogoo. Watu walingoja aanze kwa Kikamba kama kawaida, lakini aliongea Kiswahili, kile chake cha sokoni, na nilielewa kwa nini nilipoona anatazama benchi la nyuma, walikokaa Nestori na mkewe.

"Dada yangu ako hai," alisema. "Ako hai kwa sababu mwenyeji mmoja alikataa kunyamaza. Na mimi Jumanne nilinyamaza. Firimbi ilipulizwa kwa Nestori nikanyamaza, maana nilitaka mtaro wangu uchimbwe. Siwezi kuomba Mungu dada yangu aonwe mtu huko, na hapa namfanya mwenzangu jembe ya kuazima. Jumanne mimi niko kwa Nestori, hata kama ni peke yangu."

Hakuna aliyesema amina. Jogoo ndiye aliyeitikia.

Jumanne tulikuwa Mama, mimi na wao watatu. Jua lilipanda, na nilianza kumwonea Mama huruma, kisha firimbi ikasikika chini kwenye kijia. Mama Kyalo alitangulia akihema, nyuma yake mlima mzima. Hakuomba msamaha; hakuwa mtu wa maneno hayo. Alijipimia kipande chenye mawe mengi kuliko vyote, kisha akamnyang'anya Nestori jembe. "Wewe leo ni mwenyeji," akamwambia. "Enda usaidie bibi yako kupika." Mke wa Nestori alikung'uta chupa ile mpaka tone la mwisho. Mama Kyalo aliongezewa mara mbili.

Siku hizi mwethya umepungua kwetu. Mwenye uwezo huajiri vijana. Mimi ni muuguzi Tseikuru, nchi kame, na wakati wa kiangazi wafugaji wanapofika kutoka mbali na mifugo iliyokonda, nasikia maneno yaleyale kisimani: hawa kesho wataenda kwao. Mara nyingine nimenyamaza. Mwaka huu nilisimama kwenye mkutano wa kisima nikakiri kwamba nilinyamaza walipokatazwa maji, nikamshukuru Mama kimoyomoyo kwa kunionyesha jinsi ya kuanza na kosa langu mwenyewe.

Na kweli, Mama Kyalo hakukosea. Baada ya miaka mitano Nestori na familia yake walirudi kwao. Vuli iliyopita nilikuwa nyumbani, Mama na Mwikali wakichambua maharagwe barazani, mvua kubwa ikanyesha. Nilipanda na mwavuli hadi mpakani. Maji yalishuka mlimani kwa kasi, yakafika kwenye mtaro wa Nestori, kwenye nyasi alizozipanda Mama Kyalo kwa mkono wake, yakatulia. Chini yake mahindi ya mama yangu yalikuwa yamesimama.